Viini viwili vya mama havitoshi: jibu kwa mwanafunzi wa Mwanza

Swali: "Shikamoo Daktari. Nasoma mwaka wa tatu, shahada ya baiolojia ya molekuli, na nyumbani ni Mwanza. Kwenye kipindi cha epijenetiki mhadhiri wetu alimtaja Azim Surani kwa dakika mbili, akasema alizaliwa Kisumu, akafuta ubao, tukaendelea. Sijaweza kumsahau. Aligundua nini hasa, na alifikaje huko? Halafu kuna jambo linanisumbua: ni kweli kwamba taabu alizopata bibi yangu zimeandikwa kwenye jeni zangu? Na mtu kama mimi anaweza kweli kuishi kwa utafiti wa aina hii hapa kwetu?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimefurahi kwamba dakika mbili hazikukutosha. Mimi pia nilikutana na jina hilo nikiwa chuoni, kwenye kitabu cha maktaba kilichokuwa kimechanika jalada, na hakikuwa na neno lolote kuhusu Kisumu. Nilikuja kujua miaka mingi baadaye. Ningelijua mapema ningetembea kifua mbele zaidi.

Nianze na mtu mwenyewe. Azim Surani alizaliwa Kisumu mwaka 1945, ng'ambo tu ya ziwa unaloliona ukiwa nyumbani. Shahada ya kwanza aliipata Plymouth, Uingereza, chuo ambacho wakati huo hakikuwa na hadhi ya chuo kikuu. Ya uzamili aliipata Strathclyde, huko Scotland. Kisha akaenda Cambridge kwa uzamivu, akamaliza mwaka 1975, chini ya Robert Edwards. Huyu Edwards ndiye aliyehangaika na Patrick Steptoe hadi mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo la mama, Louise Brown, akazaliwa Julai 1978, na mwaka 2010 akapewa Nobeli. Nataja Plymouth kwa makusudi, maana wanafunzi wengi wananiandikia wakidhani mlango ni mmoja tu, na kwamba asiyeupata akiwa na miaka 18 amechelewa.

Kwenye maabara ya Edwards kijana huyu alijifunza kukaa na yai. Nasema kukaa nalo kama mfugaji anavyokaa na mifugo yake. Yai la panya halifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Kulishika, kulitoboa bila kuliua, kulirudisha kwenye mji wa mimba wa panya mwingine, ni kazi ya mikono na ya subira, na haina njia ya mkato. Mwaka 1979 alihamia taasisi ya utafiti wa wanyama wa kufugwa iliyoko Babraham, karibu na Cambridge, na hapo ndipo swali lake likaiva.

Swali lilikuwa hili. Nyuki dume hutoka kwenye yai ambalo halikurutubishwa. Wapo mijusi ambao jamii yao yote ni majike, wanazaa bila dume. Kwa nini basi hakuna mnyama anyonyeshaye anayezaliwa kiasili bila baba? Siyo kwamba yai la panya haliwezi kuanza. Ukilishtua kwa spiriti kidogo linaanza kugawanyika, linajipandikiza kwenye mji wa mimba, linaendelea. Halafu, karibu siku ya 10 ya mimba ambayo huchukua takriban siku 20, linakufa. Kila mara.

Watu walikuwa na maelezo mawili. La kwanza: mbegu ya baba huleta kitu fulani kwenye ute wa yai, tofauti na jeni, na bila kitu hicho mimba haiendi. La pili: yai lililojiongezea jeni zake lenyewe lina nakala mbili zinazofanana kabisa, kwa hiyo kasoro zote zilizojificha hujitokeza kwa pamoja na kuliua. Yote mawili yalikuwa na mantiki. Tena mwaka 1977 ilitangazwa kwamba panya wenye mzazi mmoja wamezaliwa na wako hai, jambo ambalo lingemaliza mjadala, ila hakuna maabara nyingine iliyoweza kulirudia. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Wengi wangeliacha.

Surani, akiwa na Sheila Barton na Michael Norris, alifanya jambo jepesi kulisema na gumu kulifanya. Saa chache baada ya mbegu kuingia ndani ya yai, chini ya hadubini unaviona viini viwili vimekaa kando kando, cha mama na cha baba, havijaungana bado. Kwa panya cha baba huwa kikubwa kidogo, kwa hiyo unaweza kuvitofautisha. Walichukua mayai yaliyoshtuliwa bila mbegu, yenye kiini kimoja tu cha mama, wakayaongezea kiini cha pili. Mengine wakayapa kiini cha baba, mengine wakayapa kiini cha mama kutoka yai lingine.

Mayai yaliyopewa kiini cha baba yalizaa panya wazima. Yaliyopewa kiini cha pili cha mama yalikufa, kama yale yasiyo na baba.

Tulia hapo usome tena, maana watu huipita haraka. Ute wa yai ulikuwa uleule kwa makundi yote mawili, na mbegu haikuingia kwenye lolote kati yao. Kama ute ungekuwa na upungufu, makundi yote mawili yangekufa. Maelezo ya kwanza yameanguka. Na viini viwili vya mama vilitoka kwa mayai mawili tofauti, kwa hiyo nakala za jeni hazikuwa za kufanana zote. La pili nalo limeanguka. Kilichobaki ni jambo ambalo hakuna aliyefundishwa darasani: jeni za baba na jeni za mama, hata zikiwa na herufi zilezile, hazifanyi kazi sawasawa. Kila mzazi ameziwekea chapa yake kabla hazijatoka mwilini mwake. Makala ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1984, kurasa tatu. Mwaka huohuo, huko Philadelphia, James McGrath na Davor Solter walitangaza matokeo yaleyale kwa mbinu yao wenyewe ya kuhamisha viini. Maabara mbili, bahari katikati, jibu moja. Surani alikuwa na miaka kama 39.

Jambo ninalotaka uondoke nalo kwenye kisa hiki ni kwamba wengine waliona viinitete vinakufa wakasema jaribio limeshindikana, yeye akaona kule kufa ndiko kunakosema. Vilikufa siku gani? Vilikuwa na umbo gani? Nini kilikua na nini hakikukua? Mwaka uleule wa 1984 timu yake ilitengeneza upande wa pili, mayai yenye viini viwili vya baba na hakuna cha mama. Hayo nayo yalikufa, lakini kwa namna tofauti kabisa. Yenye mama wawili yalitoa kijusi kidogo ambacho kwa kiasi fulani kilikuwa na umbo, lakini kondo la nyuma lilikuwa duni. Yenye baba wawili yalitoa kondo lililostawi na kijusi kisicho na maana.

Hapa naomba tutoke Cambridge twende wodi ya wazazi ya hospitali yoyote ya wilaya. Umewahi kusikia mimba zabibu? Mwanamke ana dalili zote za ujauzito, tena kali kuliko kawaida, tumbo linakua haraka kuliko miezi yake, kisha anaanza kutokwa damu. Kipimo cha picha hakionyeshi mtoto, kinaonyesha vifuko vidogo vingi kama kichala cha zabibu. Ile iliyo kamili, isiyo na mtoto kabisa, ni yai ambalo kiini cha mama hakimo, na jeni zote ndani yake ni za baba. Wanasayansi wa Japani walilionyesha hilo mwaka 1977, kabla ya majaribio ya Babraham, lakini hakuna aliyejua kwa nini kondo linakua ovyo na mtoto hayupo. Majaribio ya panya yalileta maelezo. Na upo uvimbe wa ovari unaotokana na yai la mama peke yake, lililoanza kukua bila mbegu. Wapasuaji huukuta una nywele na meno, na kondo la nyuma halimo.

Nimeshuhudia mama wa miaka 22 akiambiwa na ndugu wa mume kwamba zabibu zile ni mambo ya kurogwa, na ndugu zake wakijibu kwamba aliyeroga yuko upande wa pili. Hakuna aliyeroga. Kilichotokea ni ajali ya viini, na muhimu kuliko yote ni kwamba mama huyo arudi kliniki kupimwa homoni ya mimba kwa miezi kadhaa, kwa sababu mabaki yake yanaweza kugeuka saratani, nayo ikiwahiwa inatibika vizuri. Ukiulizwa nyumbani kwenu jeni zina faida gani kwa mtu wa kawaida, anza na mama huyu.

Turudi kwa chapa zenyewe. Chapa hiyo ni kitu gani? Elimu ya chapa za namna hii ndiyo epijenetiki, neno alilolianzisha mwanabaiolojia Conrad Waddington mwaka 1942, kabla hata umbo la DNA halijajulikana. Mimi hupenda kuieleza kwa hati zetu za zamani za pwani, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi zimekaa palepale, lakini alama ndogo zinazowekwa juu na chini ndizo zinazokuambia usome ba, bi au bu. Ukizifuta, herufi hazijabadilika hata moja, lakini msomaji amepotea. DNA nayo ina alama zake. Inayojulikana zaidi ni methili, kikundi kidogo cha kaboni na haidrojeni kinachobandikwa kwenye herufi C, yaani sitosini. Mfano wangu una mpaka wake, kwa sababu methili mara nyingi kazi yake ni kuizima jeni isisomwe kabisa. Lakini wazo ni lilelile: maandishi yamebaki, usomaji umebadilika.

Mwaka 1987 kundi la Surani, Wolf Reik akiwa mstari wa mbele, walionyesha kwamba kipande cha DNA walichokipandikiza kwa panya kilikuwa na methili tofauti kutegemea kimepitia kwa mama au kwa baba. Jeni za asili zenye chapa, hata hivyo, hazikupatikana mpaka mwaka 1991. Hesabu, ni miaka saba tangu ugunduzi mpaka mtu aweze kunyoosha kidole na kusema, hii hapa. Mojawapo ilikuwa Igf2, inayochochea ukuaji tumboni, ambayo husomwa nakala ya baba tu. Panya aliyerithi Igf2 mbovu kutoka kwa baba huzaliwa akiwa na karibu asilimia 60 ya uzito wa ndugu zake. Akiirithi mbovu hiyohiyo kutoka kwa mama, hana tatizo lolote. Mwaka huohuo Denise Barlow akaonyesha kwamba Igf2r, inayofanya kazi ya kuipunguza Igf2, husomwa nakala ya mama tu. Baba anasukuma kijusi kikue, mama anashika breki, maana tumbo ni lake na damu inayonyonywa ni yake. Ndivyo mwanabaiolojia David Haig alivyolisoma jambo hili, na mimi naona bado ndiyo maelezo yenye nguvu kuliko mengine. Leo kwa binadamu jeni za aina hii zinazojulikana ni kama 100, kati ya jeni takriban 20,000.

Magonjwa nitayapita haraka, kitabu chako kinayo. Ila usiache yale ya kromosomu ya 15: kipande kilekile kikikosekana upande wa baba, mtoto huzaliwa mlegevu, kisha huwa na njaa isiyoshiba, ndiyo Prader-Willi. Kikikosekana upande wa mama, mtoto haongei, anatetemeka, anacheka cheka, anapata degedege, ndiyo Angelman. Daktari wa watoto asiyejua habari ya chapa hawezi kuelewa inakuwaje.

Sasa bibi yako. Hili limeenea sana, na naomba unisikilize kwa makini kwa sababu nusu ya pili ya maisha ya Surani ya kisayansi ndiyo inayolijibu.

Fikiri mwenyewe. Wewe ni mwanamume, umepokea nakala moja ya Igf2 yenye chapa ya mama yako. Ukija kuzaa, nakala hiyohiyo inatakiwa kutoka kwako ikiwa na chapa ya baba. Kwa hiyo lazima ipo mahali ambapo chapa za zamani hufutwa na mpya kuandikwa. Mahali hapo ni kwenye seli chache sana ambazo ndani ya kiinitete hutengwa mapema ziwe baba na mama wa mayai na mbegu za baadaye. Kwa panya zinaonekana takriban wiki moja baada ya kutungwa mimba, zikiwa kama 40 hivi. Surani alizifuata seli hizi kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2002, yeye na Mitinori Saitou na Barton walieleza jinsi zinavyochaguliwa. Mwaka 2009 akiwa na Fuchou Tang walisoma jeni zote zinazofanya kazi ndani ya seli moja tu, mbinu ambayo leo kila maabara kubwa inaitumia na wengi hawajui ilianza kwa sababu ya uchache wa seli hizi. Mwaka 2015 walionyesha kwamba kwa binadamu mwenye usukani ni jeni iitwayo SOX17, ambayo kwa panya haina cheo hicho, kwa hiyo panya hakuwa kioo chetu kamili. Na walipopima methili kwenye seli hizo za binadamu zikiwa kwenye ufutaji, walikuta chini ya asilimia 10 imebaki. Ni kama ubao uliofutwa.

Ndiyo maana nasita sana mtu akiniambia njaa ya babu yake imo kwenye damu yake kwa njia ya methili. Ipo sehemu ndogo inayoponyoka ufutio, hasa kwenye vipande vya DNA vinavyojinakili vyenyewe, na hapo utafiti unaendelea. Lakini kwa binadamu, ushahidi wa taabu kurithishwa hivyo kizazi hadi kizazi ni mwembamba. Kilicho imara ni kingine. Watoto waliotungwa mimba Uholanzi katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 walipimwa miaka kama 60 baadaye, na walikuwa na methili pungufu kwenye IGF2 kuliko ndugu zao wa tumbo moja ambao njaa haikuwakuta. Na karibu na kwetu zaidi, vijiji vya Keneba huko Gambia: watoto waliotungwa wakati wa mvua, ghala likiwa tupu na jembe likiwa shambani, wana methili tofauti katika sehemu kadhaa za DNA na waliotungwa kiangazi, chakula kikiwepo. Hayo yote ni mtoto mwenyewe kuguswa akiwa tumboni, au siku zile za kutungwa. Siyo urithi wa bibi.

Na kwa bibi mzaa mama yapo ya kuongeza. Mayai yote ya mama yako yalianza kutengenezwa yeye akiwa bado tumboni mwa bibi. Kwa hiyo bibi yako akishinda njaa na ujauzito huo, mwili wake, mwili wa mama yako na yai lililokuja kuwa wewe, vyote vitatu vilikuwa kwenye njaa ileile. Ndiyo maana kwa upande wa mama huwezi kusema "imerithishwa" mpaka uione kwa kizazi kinachofuata, yaani watoto wa dada zako. Hakuna anayesema taabu za bibi hazikukufikia. Zilikufikia kwa kimo cha mama yako, kwa ada ya shule iliyokosekana, kwa namna alivyolelewa na alivyokulea. Njia hizo ni za kweli na nzito, na hazihitaji methili ili ziheshimiwe.

Sasa la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike: maisha.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika ukanda wetu sijaona bado maabara inayoishi kwa utafiti wa chapa za wazazi peke yake, na ukisubiri tangazo la kazi la namna hiyo utazeeka. Wapo waajiri wanaofanya jenetiki ya nguvu: Kilifi kwa KEMRI-Wellcome, Ifakara, Muhimbili, Moshi, Entebbe, na kwa mifugo ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi, na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wanaishi kwa malaria, kifua kikuu, selimundu, ng'ombe na kuku. Ukiingia huko huku umebeba swali la epijenetiki, kazi utaipata, kwa sababu maswali hayo yamo ndani ya magonjwa yaleyale.

Chukua selimundu. Mtoto tumboni anatumia himoglobini ya aina yake, ambayo haina tatizo la selimundu hata kidogo. Miezi michache baada ya kuzaliwa, mwili unaizima jeni hiyo na kuwasha ya ukubwani, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Herufi za jeni ya utotoni hazikuenda popote, zipo, zimezimwa tu, na mmoja wa wanaozizima ni jeni nyingine iitwayo BCL11A. Mgonjwa ambaye kwa bahati jeni yake ya utotoni haikuzimwa sawasawa anaumwa kidogo kuliko wenzake. Mwaka 2011 utafiti wa Muhimbili, Julie Makani akiongoza pamoja na wenzake wa London, uliangalia jenetiki ya himoglobini hiyo kwa wagonjwa Watanzania na Waingereza, na BCL11A ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizojitokeza. Mwaka 2023 Uingereza ikaidhinisha tiba ya kwanza inayokata kipande cha DNA kinachoiamsha BCL11A ndani ya seli za uboho. Marekani tiba hiyo ilipangiwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Haitafika Sengerema kwa bei hiyo. Kidonge kinachoiamsha jeni ya utotoni vizuri kuliko hydroxyurea, dawa tuliyo nayo sasa, cha kumezwa nyumbani, ndicho kinachotakiwa, na hilo ni swali la epijenetiki kutoka mwanzo hadi mwisho. Lina haki ya kujibiwa na watu wanaowajua wagonjwa kwa majina.

Au chukua ng'ombe. Viinitete vya ng'ombe na kondoo vinavyolelewa maabara kabla ya kupandikizwa wakati mwingine hutoa ndama wakubwa mno, uzazi unakuwa wa hatari. Kwa kondoo ilionekana mwaka 2001 kwamba Igf2r ilikuwa imepoteza methili yake. Mtu yeyote atakayetaka kueneza upandikizaji wa viinitete vya ng'ombe bora huku kwetu itabidi alijue hilo. Kumbuka Surani mwenyewe alifanya ugunduzi wake kwenye taasisi ya mifugo.

Upande wa kazi za mikono, nikuambie kilichonifika mimi. Mwaka wa pili tangu nirudi nyumbani na shahada yangu, umeme ulikatika Ijumaa usiku, jenereta ikagoma, na Jumatatu tulikuta friza inayotakiwa kuwa nyuzi 80 chini ya sifuri ina ubaridi wa jokofu la soda. Damu ya wagonjwa, ya miaka miwili. RNA yote, yaani nakala za muda zinazoandikwa jeni ikifanya kazi, iliharibika. Nililia, sioni aibu kulisema. Lakini sampuli ambazo tayari tulikuwa tumetoa DNA zilipona, na alama za methili zilikuwa palepale, kwa sababu methili imeshikamana na DNA kwa nguvu na DNA ni mvumilivu. Tangu siku hiyo ninachagua maswali kwa kuangalia pia nguzo za umeme. Kama maabara yako haina umeme wa kutegemea, usijenge uzamili wako juu ya RNA. Jifunze kutumia bisulfiti, ile kemikali inayobadilisha C isiyo na methili lakini C yenye methili haiigusi, kisha usome kwa PCR ya kawaida, mbinu ya kuzidisha nakala za DNA. Zipo pia mashine ndogo za kusoma DNA, kama MinION, zinazoshikika kwa kiganja na zinazotambua methili moja kwa moja bila kemikali hiyo.

Na anza na kompyuta sasa, kabla hujapata hata pipeti yako. Data za methili za maelfu ya sampuli zimewekwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzipakua bure. Jifunze R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Ukiwa na laptopu ya wastani na usiku mtulivu unaweza kuuliza swali ambalo wenye data hawakuliuliza, na msimamizi wa uzamili akiona umefanya hivyo hatakuuliza ulisoma chuo gani.

Kuhusu miaka, ujipange. Surani na Solter walipewa tuzo ya Gairdner mwaka 2018 kwa kazi ya 1984, miaka 34 baadaye, na tuzo ya Kyoto ilimfikia Surani mwaka 2025 akiwa na miaka 80. Swali lake lilibaki moja, jinsi chapa zinavyoandikwa, zinavyofutwa na kuandikwa upya, lakini zana alizibadilisha kila zilipochakaa, kuanzia sindano za kioo mpaka seli shina za binadamu. Swali hilo limeendelea mikononi mwa waliopita kwake. Saitou na Katsuhiko Hayashi walirudi Japani wakatengeneza mayai ya panya kutoka kwenye seli shina, na mwaka 2023 kundi la Hayashi likazalisha panya wenye baba wawili kwa kutengeneza yai kutoka kwenye seli za dume. Viinitete 630 vilipandikizwa, wakazaliwa 7. Waliweza kwa sababu seli zile ziliziacha chapa za baba zifutike, zikaandikwa za mama.

Kazi yako ya mwezi huu ni hii. Tafuta makala mbili za 1984 za Surani, Barton na Norris, zote za Nature, ni fupi. Usisome muhtasari. Nenda kwenye namba: mayai mangapi, yamepandikizwa mangapi, yamefika siku ya 10 mangapi. Zikopi kwa mkono kwenye daftari, kisha chora viini, cha mama rangi moja, cha baba rangi nyingine, kwa kila kundi. Utagundua kwamba baadhi ya makundi yaliwekwa pale kwa ajili ya kuziba mdomo wa mtu mwenye mashaka. Niandikie ni kundi lipi unaona lingeachwa, jaribio lote lingeanguka. Mimi nina jibu langu, lakini nataka la kwako kwanza.